Hesabu Niliyomfanyia Jini Dunguni

Hili sikusimuliwa na bibi wala mlevi wa tembo. Limenitokea mimi mwenyewe, adhuhuri kweupe, huko Chumbi. Ukitaka kubisha, bisha, lakini soma kwanza umalize.

Mimi nasoma shule ya kati Kibiti. Siku moja, chini ya picha ya Mfalme, mwalimu alinipa adhabu ya kutafuta namba zote zisizogawanyika mafungu sawa, hadi mia. Yaani kama saba: vidonge saba huwezi kuvigawa sawasawa, ila kimoja kimoja. Mwingine angejaribu kugawa kila namba. Mimi mvivu, na uvivu ukanionyesha njia ya mkato. Nilimaliza upesi mno, nikachapwa eti nimeiba majibu. Usicheke.

Basi likizo ikanikuta dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kulinda mpunga. Nilikuwa na mdogo wangu Mwanahawa, tunafukuza ndege. Vidonge vya udongo vya kombeo tumevianika juu ya jamvi. Mara sauti ikaita kutoka katikati ya mpunga: "Mwanahawa."

Kwetu kila mtoto anajua, ukiitwa adhuhuri kutoka ndani ya mpunga, nyamaza mpaka mwitaji ajitokeze. Lakini Mwanahawa amelelewa vizuri kupita kiasi. Akaitika, "Abee."

Kuanzia hapo mdomo wake ukawa unacheza, sauti haitoki.

Akatokea mwanamume mrefu, kanzu nyeupe pee. Tope la shamba lile linafika magotini, na kanzu haina hata doa. Wewe ungefanya nini? Mimi nilimwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Sikuja kuamkiwa. Sauti ya binti ninayo. Wewe si msomi? Nitajie namba zisizogawanyika, hadi mia. Kivuli cha nguzo kikigusa ngazi, au ukikosea hata moja, naondoka nayo."

Kivuli kilikuwa kimeshaikaribia ngazi. Nikapanga vidonge mia, kumi kumi kwa mstari, kila kimoja na namba yake. Cha kwanza nikakiweka pembeni, hakimo. Cha pili nikakiacha, nikaruka mbilimbili nikitupa kila nilichofikia. Tatu nikaiacha, nikaruka tatutatu nikianza kutupa kwenye tisa, maana sita imeshakwenda na mbili. Tano nikaanzia ishirini na tano. Saba, arobaini na tisa. Kisha nikakunja mikono.

"Mbona umekoma? Kumi na moja hujairukia."

"Kumi na moja mara kumi na moja imepita mia, babu. Mafungu yake ya chini ya hapo wadogo zake wameshayamaliza. Nihangaike na jua hili kwa nini?"

Akapanda ngazi, akainama juu ya jamvi, akatabasamu. "Tisini na moja umeitupa. Hiyo haigawanyiki."

Mwanahawa akanishika shati.

"Saba mara kumi na tatu," nikasema. "Kahesabu upya."

Akahesabu kwa vidole, na vidole vyake vilikuwa vingi kuliko vyetu. Tabasamu likafutika.

"Na hiki cha pembeni?"

"Moja? Hiyo siyo yetu."

"Basi yangu." Akakiokota, akashuka, akaingia mpungani, na hakuna bua lililotikisika.

"Kaka, kaenda?" akauliza Mwanahawa. Sauti yake ileile. Nilijigamba kuanzia pale mpaka nyumbani, nani angenizuia? Mwalimu mwenyewe angekuwepo angenivulia kofia.

Lakini alichokichukua yule bwana tulikijua baadaye. Mwanahawa anasema, anaimba, anagombana, ila hacheki; kicheko kilikwenda na kile kidonge. Mimi ninayemchekesha hata shehe msikitini, kwake naambulia kichwa kikitikiswa tu.

Kwa hiyo nafanya mazoezi mpaka elfu, na nimeshajua kurukia naishia thelathini na moja. Atarudi tu, na nitamshinda. Wewe usiye na hesabu hizi, ukiitwa adhuhuri kutoka mpungani, kuwa mtovu wa adabu. Usiitike.