Samaki wa Mzee Ambilikile

Baba mkwe wangu, Mzee Ambilikile wa Lupepo, alikuwa hajawahi kunisalimia. Niliolewa kwake nikiwa msichana, sasa nina mvi, na miaka yote hiyo maneno yake kwangu yalipitia kwa mbwa. Mbwa wake wote aliwaita Polisi. Akifa mmoja analetwa mwingine, naye anaitwa Polisi. "Polisi," anasema akiwa sebuleni, "mwambie huyo mwanamke chai yake inanuka moshi." Mbwa anatikisa mkia. Mimi nipo jikoni, nyuma ya ukuta, nasikia, nachemsha upya.

Ni mila yetu Wanyakyusa. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hapiti mbele yake, hakai naye chumba kimoja. Nyumba nyingi zimeiacha. Wazee wenzake walichinja kuku wa kuondoa mwiko, wakala meza moja na wake za watoto wao, na hakuna aliyeoza. Yeye alikataa. Alikuwa mzee wa kanisa na alipenda kusifiwa kwamba kwake heshima haijafa. Wageni walipokuja, nilijifunika kitenge kichwani nikakimbilia migombani, naye akawaambia watazame ninavyokimbia vizuri, kama kuku aliyeona mwewe. Walicheka.

Mwanangu Lusungu alikuwa ameanza tu kusema maneno homa ilipompata. Ilikuwa mchana wa mvua. Yohane, mume wangu, alikuwa Kyela na gari la tajiri wake. Simu ya nyumbani ilikuwa moja, mfukoni mwa mzee. Mtoto alipoanza kukakamaa nilisimama nyuma ya ukuta nikaongea na mbwa, kama mila inavyoruhusu.

"Polisi, mwambie baba mtoto anakakamaa. Ampigie mwenye pikipiki."

Nikarudia. Nikapaza sauti. Jibu lilikuja polepole, kama la mtu anayetafuna.

"Polisi, mwambie mkamwana hapigi kelele ukweni."

Nilimfunga mtoto mgongoni. Njia ya kwenda barabarani inapita mbele ya baraza, na mzee alikuwa amehamia hapo na kiti chake, akitazama mvua. Nikazunguka kwa chini, kwenye migomba na mashamba ya chai, matope hadi magotini. Barabara ya lami niliifikia, lakini nilichokuwa nacho mgongoni kilikuwa kimeshapoa. Kwenye mazishi mzee alimwomba mchungaji afupishe, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanarudi.

Baadaye Yohane alileta mwanamke wa pili, Lilian, mtu wa Singida mwenye duka la dawa Tukuyu mjini. Mimi nikahamishiwa chumba kinachopakana na jiko. Lilian alikaa kochi moja na mzee tangu siku ya kwanza, wakatazama taarifa ya habari na kula mahindi ya kuchoma kwenye sahani moja. Watu walipouliza, mzee alisema huyo ni wa kuja, mila zetu hazimhusu.

Lilian ndiye aliyemleta samaki kutoka Mbeya, ndani ya tangi la kioo. Samaki mmoja tu, rangi ya mawese, mkia kama shela. Mzee alimpa jina la Bibi Harusi, akampenda kuliko nilivyowahi kumwona akipenda mtu. Nilimsikia kila asubuhi kupitia ukutani: "Umeamkaje, Bibi Harusi? Umelala vizuri, mama?"

Akaona tangi halipendezi. Akaagiza majani ya majini kutoka kwenye bwawa la perege kule Ikuti, akayatumbukiza mwenyewe bila kuyaosha. Haukupita muda, Bibi Harusi akaanza kujikwaruza kwenye mawe. Mwilini alikuwa na vitu kama nyuzi, kana kwamba fundi alishona akasahau kukata. Lilian alisoma kwenye simu yake, akasema ni minyoo iliyokuja na majani, na kila mmoja umezamisha kichwa ndani ya nyama.

Alimtibu vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alimwogesha kwenye beseni la maji ya chumvi ya mawe, akamshika kwa kitambaa kibichi, akavuta kila uzi kwa kibano taratibu hadi kichwa kikatoka, akagusisha ayodini kwenye kidonda, akabadilisha maji ya tangi. Samaki akachangamka. Ila mayai ya minyoo yalikuwa yamebaki tangini, na nyuzi nyingine zikatokea. Wakati huo Lilian alikuwa amepata msiba kwao, Yohane akampeleka. Kibano aliachiwa mzee.

Mikono ya mzee inatetemeka. Uzi wa kwanza ulikatika, kichwa kikabaki ndani. Wa pili ulitoka na kipande cha nyama. Nilisikia maji yakimwagika, nikasikia akihema, kisha nikasikia kitu ambacho sikukitegemea.

"Mama Lusungu."

Nilikuwa namenya ndizi. Nikaendelea kumenya.

"Mama Lusungu, ingia mwanangu. Mikono yako ni ya kuchuma chai, haitetemeki. Mila ni mambo ya zamani."

Akaja mpaka mlango wa jiko na samaki akiwa kwenye bakuli. Nilijifunika kitenge nikakimbilia migombani, kama kuku aliyeona mwewe.

Niliporudi alikuwa amemrudisha samaki tangini, naye amerudi kwa mbwa. "Polisi, mwambie alete dawa ya kupe. Ng'ombe anaogeshwa, kupe wanadondoka, ng'ombe anabaki." Niliitoa bandani, nikaiweka kwenye ngazi, nikageuka. Lupepo nzima inajua kwamba ukisafishia bomba la dawa ile mtoni, kaa wanaelea matumbo juu. Na yeye alijua, ndiyo maana alisita.

"Polisi, muulize, tone moja litamdhuru?"

Nilikuwa nimesimama palepale nyuma ya ukuta.

"Polisi, muulize tena. Mwambie namwomba."

"Polisi," nikasema, "mwambie mzee mkamwana hapigi kelele ukweni."

Kisha nikasikia kizibo kikifunguliwa. Samaki alijigonga kwenye kioo, akajigonga tena, akaacha. Mzee alilia kwa sauti, kilio cha mwanamume ambaye hajazoea kulia.

Alimzika mwenyewe chini ya dirisha la sebule, akichimba kwa kijiko. Mvua ilianza akiwa bado anachimba. Hakufupisha.

Tangu hapo hamtumi tena mbwa. Ananisalimia moja kwa moja, asubuhi na jioni, akiita jina la mwanangu, akiniomba niingie ndani tunywe chai. Mimi naweka kikombe chake kwenye ngazi, najifunika kitenge, naondoka. Chai inanuka moshi siku zote.