Bonde Letu Lilipochorwa kwa Majivu

Mimi shule niliiacha nikiwa najua kuandika jina langu na la ng'ombe wetu, basi. Kwa hiyo ukiona naruka huku na huku, nivumilie, nitarudi tu.

Bonde letu liko chini ya kijiji cha Endabash. Tuligombana na majirani zetu wafugaji kwa sababu ya ng'ombe walioibwa. Nani alianza, kila upande una jibu lake. Ilikuwa vita, siyo ugomvi wa pombe. Nyumba zilichomwa, mishale ikaruka, watu wakahama, wao na sisi. Mume wangu tulikuwa tumemzika nyuma ya nyumba mwaka uliotangulia, na mimi nikaondoka nikamwacha pale, peke yake. Hilo ndilo lililoninyima raha miaka yote niliyopanga chumba Karatu mjini, nyuma ya duka la mzee mmoja Mwislamu anayeuza vitenge. Huyo mzee, Mungu amzidishie, kila Idi aliniletea pilau mlangoni, nami kila Krismasi nikampelekea kuku, hai, achinje mwenyewe. Lakini siyo yeye ninayetaka kumsema.

Amani iliporudi, serikali ikataka bonde lipangwe upya kabla watu hawajarudi: wapi mashamba, wapi malisho, wapi ng'ombe wapite kwenda kwenye chemchemi. Akaja binti wa idara ya ardhi kutoka wilayani, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Akatwambia tuchore bonde chini, kwenye uwanja wa kanisa. Mto tukauchora kwa majivu. Mashamba tukatia punje za mahindi. Njia ya ng'ombe ikawa kinyesi kikavu, na vijana wetu ndio walioipanga.

Nikatazama. Kinyesi kilipita juu ya nyumba yangu, na juu ya kaburi.

"Hapo ni kwangu," nikasema.

Mtoto wa kaka yangu, aliyekwisha kuanza kulima vitunguu kando ya mto, akacheka. "Shangazi, wewe si umeshazoea umeme wa Karatu?"

"Umeme nimeuzoea. Lakini sikuzaliwa kwenye soketi."

Watu wakacheka, ila kinyesi hakikusogea. Binti akaniuliza kwa upole, "Bibi, unakumbuka ng'ombe walikuwa wanapita wapi?"

Nikajua pa kuonyesha, ila nani angeniamini? Mtini uliokuwa alama ya njia umekatwa ukawa mkaa, na wenye kukumbuka ni mimi na wachache, wengine wamekufa. Vijana wakasema Bibi anachanganya.

Ndipo mzee mmoja wa upande wa wafugaji, aliyekuwa ameketi mbali, amejifunika blanketi lake jeusi, akanyanyuka. Huyo nilikuwa sijamsalimia. Nitasema ukweli, nilikuwa nimemkwepa tangu asubuhi.

"Twendeni tukaone," akasema. "Ng'ombe hachorwi, anafuatwa."

Tukashuka wote. Akatupeleka kwenye korongo lililo kando ya vitunguu, refu, limekula udongo mpaka ukasimama ukuta mwekundu. Akalipiga ukingo kwa fimbo.

"Hii ni kazi ya miguu ya ng'ombe wetu. Walipita hapa, wakakanyaga, ardhi ikawa mtaro. Tulipokimbia, hakuna aliyezuia maji, mvua ikafanya korongo. Kwa mama huyu hatukupita hata siku moja. Alikuwa na ua wa minyaa, na ulimi mkali."

"Ulimi bado ninao," nikamwambia.

"Nimeusikia pale kanisani."

Mtoto wa kaka yangu akawa anatazama vitunguu vyake. Binti akasema njia itarudi pembeni ya korongo, lenyewe tulizibe kwa mawe na kupanda matete, na vitunguu vitasogea kidogo. "Kidogo kiasi gani?" kijana akauliza.

Mimi nilikuwa nimeshawaacha. Nilipanda mpaka kwangu. Minyaa imekuwa miti. Kaburi limezama kidogo, lakini msalaba wa mawe upo, na mafiga yangu yapo, meusi vilevile. Nikaketi juu ya figa moja, nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta siku ile tunakimbia.

Niliporudi uwanjani na figa lile nimelibeba kwenye kitenge, nilikuta kuku wa katekista wamekula mashamba yote. Binti amejishika kiuno, na yule mzee anacheka bila meno.

"Haya, tuanze tena," binti akasema. "Bibi, kwako ni wapi?"

Nikaweka figa langu chini, mbali na kinyesi. Yule mzee akalisogeza kidogo kwa fimbo yake, kuelekea pale tulipoichora chemchemi.

"Hapo," akasema. "Sasa umekaa sawa, mama."

Ndipo nikamwamkia, kwa kuchelewa, na akaitikia.