Nafasi ya Gari, Jumatatu Saa Mbili

Saa nne asubuhi, Ijumaa. Eufemia Sandigan anavua mashuka ya wageni walioondoka na kuyatupia kwenye kitoroli. Juu ya meza wameacha ramani ya hifadhi ya miti mirefu. Anaikunja, anaitia mfukoni.

"Hii nitaihitaji," anasema. "Kule simu haishiki kabisa."

Mama huyu wa miaka sitini na mmoja, mhamiaji aliyezaliwa Iloilo, ng'ambo ya bahari, amesafisha vyumba vya hoteli hii ya mjini San Rafael kwa miaka kumi na tisa, vyumba kumi na vinne kwa siku. Wageni wengi hulala hapa ili waende kuiona miti ya mbao nyekundu, mwendo wa nusu saa tu. Yeye hajafika hata mara moja.

Mumewe, Crisanto, ni seremala. Alijenga nyua na vibaraza kwa mbao hizo mpaka figo zilipomwangusha.

"Nimeipigilia misumari miaka thelathini," huwaambia majirani. "Sijawahi kuiona imesimama."

Hifadhi haipokei gari ambalo halikuwekewa nafasi mapema. Machi, Eufemia aliweka. Asubuhi ya safari mumewe akakimbizwa hospitali akihema. Mei akaweka tena. Msimamizi akamnyima ruhusa.

"Dada Femy, hoteli imejaa. Nikuachie, vyumba afanye nani?"

Akasukuma kitoroli.

Jumanne wiki hii Crisanto alirudi kutoka kwenye mashine ya kusafisha damu, akakaa mezani bila kuvua koti.

"Mama Liwayway, sirudi tena kule."

"Umechoka tu. Alhamisi utaamka na nguvu."

"Sikiliza, mke wangu. Nimeshamwambia daktari."

Daktari hakuwaficha: bila mashine, wiki moja, pengine siku kumi. Eufemia alijifungia bafuni, akafungulia bomba, akalia asisikike. Alipotoka alimkuta mumewe ameshika simu ya binti yao Liwayway, miwani puani.

"Jumapili imejaa. Jumatatu saa mbili asubuhi imebaki moja. Bonyeza basi, unangoja nini? Watalii hawalali!"

Eufemia akabonyeza.

Kiti cha magurudumu ameazima kanisani. Mablanketi mawili yako tayari, maana chini ya ile miti ni baridi hata Julai. Liwayway ataendesha gari. Njia ya mbao ya hifadhini, ameulizia, ni tambarare mpaka daraja la pili.

Lakini leo asubuhi viatu vya Crisanto havikuingia, miguu imevimba. Muuguzi aliyekuja nyumbani alimvuta Eufemia kando, akamnong'oneza: "Mama, Jumatatu ni mbali."

Na Jumatatu isipomkuta hai?

Eufemia anatandika shuka safi, analinyoosha mpaka kwenye pembe.

"Nataka aguse gome la mti ulio hai, basi. Akishindwa kushuka garini, nitateremsha kioo avute ile hewa. Akishindwa kutoka kitandani, nitakaa naye hapo hapo." Anapangusa uso kwa kiwiko. "Lakini mimi napanga kama mtu anayekwenda."