Maji ya Kisimamvua

Hakuna mahali panapoitwa Kisimamvua! Nimelisema hilo mpaka koo limenikauka. Ni mji nilioubuni mwenyewe, nikaupachika kaskazini mwa Bagamoyo, njia ya Mkange, nikauandikia vitabu vitatu. Visima vyake nimevichimba kwa kalamu. Lakini watu wazima na akili zao wananisimamisha sokoni: "Dada mwandishi, yule mwosha maiti wa kitabu cha tatu si shangazi yako?"

Mwosha wangu wa kitabuni huwaosha wanawake waliofariki, kisha huwauzia wachawi maji ya josho. Shangazi yangu naye ni mwosha, hapa mtaani, tangu sijazaliwa. Hajapata kuuza hata tone. Ila ana mazoea yake: kabla ya kumwaga kata ya kwanza, humwinamia maiti akamwuliza, "Mwanangu, maji hayakuchomi?" Mwingine wa kusema hivyo simjui. Na mimi, kwa ujuaji wangu wa kipumbavu, nikayabeba maneno hayo kama yalivyo, nikayatia kinywani mwa yule mwizi wa kitabuni.

Juzi jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alifiwa na mama yake. Shangazi akaandaa majani ya mkunazi, karafuu maiti na kata yake, akakaa kungoja kuitwa. Wakamleta mwosha kutoka Kaole! Nikaingia msibani bila shikamoo wala pole, nikafoka: "Hamna haya nyie? Amewaoshea mama zenu, amewaoshea dada zenu, leo mnamkimbia kwa ajili ya hadithi?"

Mfiwa akanitazama. "Hadithi umeiandika wewe, mwenzangu. Sisi tumesoma tu."

Nilirudi nimefura kwa hasira, na hasira yenyewe sasa ilikuwa imegeuka, inanila mimi. Nikamwambia shangazi nitaandika kitabu cha nne, nimsafishe.

"Kwa kalamu?" Akacheka, cheko baya. "Nikifa mimi, nani wa hapa atakubali kunigusa? Utaniosha wewe."

"Shangazi, mimi sijui kuosha."

"Hilo nalijua. Nilisomewa kitabu chako chote." Akanitia kata mkononi. "Mwosha wako ameanzia ubavu wa kushoto. Mtaa mzima umesoma, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba huyo basi hawezi kuwa mimi. Maiti huanzwa kulia, mwanangu. Shika vizuri."