Kijiti cha Kunyoosha Ndimi

Mwezi uliopita nilikwenda Bariadi kufuatilia hati ya kiwanja cha marehemu baba, nikakaa kwenye benchi la ofisi moja nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu alikuwapo mama wa makamo, vumbi la safari bado liko miguuni. Akamwambia karani, kijana wa umri wa mwanangu, kwamba ameleta balua ya mtendaji. Karani akauliza balua ndiyo kitu gani. Mama akarudia. Karani akamtaka arudie tena, taratibu, na wenzake wawili wakainamia kompyuta zao, mabega yakitikisika. Lakini mimi nilikuwa nautazama mkono wa karani. Tangu mara ya kwanza ulishanyooka juu ya meza, unaisubiri hiyo barua. Alielewa zamani. Kichefuchefu kikanipanda, kile cha kweli cha kujaza mate mdomoni, nikatoka nje kutema.

Mate hayo nayajua. Nimeishi nayo tangu Sapiwi.

Nililelewa Sapiwi na bibi mzaa mama. Aliyekulia huko hahitaji kuambiwa msimu wa pamba ulivyokuwa. Chumba kikubwa kilijaa pamba mpaka karibu na kenchi, sisi tukalala tumebanwa ukutani, na harufu ya mbegu zake ilituingia kwenye nywele na kwenye shuka. Asubuhi tuliamshwa na kengele za ng'ombe zikitoka zizini, na bibi akiwa uani anamsalimu kila apitaye: mwangaluka, mwangaluka. Chungu cha michembe kilikuwa kimeshaiva, viazi vile vikavu vilivyorudi kulainika, tukavila na karanga za kutwanga huku vidole vinanata. Bibi aliniita mayu, yaani mama, kama wanavyoitwa wajukuu wa kike kwetu. Nyumbani tulisema Kisukuma. Kiswahili alikitoa kwa wageni, na ndani ya Kiswahili chake herufi r haikuwamo. Habali. Sukali. Baliadi. Hakuna aliyeona kosa, kwa kuwa kijiji kizima kilisema hivyo.

Nilipokuwa darasa la nne akaja mwalimu mpya kutoka pwani. Wiki ya kwanza hatukumwelewa. Maneno yake yalikimbia, na aliposema thelathini alitoa ulimi katikati ya meno hadi tukadhani ana jino bovu. Lakini masikio ya watoto ni kama miguu ya watoto, hayachelewi kuizoea njia. Kufika wiki ya tatu tulimfuata popote alipokwenda na Kiswahili chake. Hakuna aliyetufundisha kumsikiliza. Tulimsikiliza tu, mpaka tukamzoea.

Yeye hakutaka kutuzoea. Alikata kijiti kwenye mti wa pamba uliokauka, akakisugua kikawa laini, akakihifadhi kwenye boksi la chaki. Anayesema l mahali pa r aliitwa mbele, akaingiziwa kijiti chini ya ulimi na kuamriwa kusema: barabara ya Bariadi ni hatari. Alirudia mpaka ulimi utetemeke. Kisha kijiti kilitolewa na kupelekwa kwa mwingine hivyo hivyo, bila hata kupanguswa. Kijiti kimoja, darasa zima. Zamu yangu ilipofika kilikuwa cha uvuguvugu. Kilikuwa na unga wa chaki, na utelezi, na chembe za michembe ya aliyenitangulia. Mpaka leo siwezi kula kitu kwa kijiko cha mtu mwingine, hata cha mwanangu.

Mimi r yangu ilitoka mapema. Kwa hiyo mwalimu akanifanya mwangalizi wa matamshi, na kijiti kikawa mkononi mwangu. Niliwatia wenzangu mdomoni. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alikuwa akifumba macho kabla sijamfikia, machozi yakimtoka, nami nilikisukuma ndani kwa sababu mwalimu alikuwa anatazama. Baada ya muda akaacha kunyoosha mkono darasani. Akaacha kuzungumza kabisa shuleni, hata wakati wa mapumziko.

Ugonjwa ule wa kusahihisha ndimi za watu nikaupeleka nyumbani. Jioni moja bibi aliniambia nimletee sukali. Nikabaki nimeketi, nikamwambia sijaelewa. Akarudia. Nikasema bado sijaelewa. Mara ya tatu alinitazama kidogo, akainuka na magoti yake mabovu, akaifuata mwenyewe.

Mvua zilipoanza, watoto wengi wakapata vidonda mdomoni, nyufa pembeni mwa midomo zinazotoa majimaji ya njano. Wazazi wakaitwa mkutanoni kwa ajili ya ujenzi wa choo. Mwishoni bibi akasimama, khanga kaifunga vizuri, akasema Kiswahili ili mgeni asikie.

"Mwalimu, kijiti hicho ni hatali. Watoto wana vidonda."

Mwalimu akatabasamu. "Sijakupata, bibi. Hatali ni nini?"

Bibi akarudia, polepole zaidi. Mwalimu akatikisa kichwa, akageukia upande wetu wanafunzi. Aliniita kwa cheo changu, akaniomba niwasaidie: bibi yangu anasema nini?

Nilisimama. Wazazi wote walinitazama. Neno lile nilikuwa nimelisikia tangu nikiwa mgongoni mwake, kila nilipokaribia moto, kila nilipokaribia kisima.

"Sijui, mwalimu," nikasema.

Wanafunzi wakacheka, na wazazi wengine pia wakacheka, wazazi wenye l ile ile. Bibi akakaa. Mkutano ukarudi kwenye mambo ya choo.

Njiani alitangulia, mimi nyuma. Tulipofika kwenye uchochoro wa ua wa minyaa karibu na kwetu alisimama, bila kugeuka.

"Ulinisikia, mayu," alisema kwa Kisukuma. "Asiyesikia hutazama mdomo wa anayesema. Wewe ulitazama chini."

Tukaingia ndani. Alinipakulia chakula kama kawaida, akanipa na kipande cha samaki.

Haikupita wiki mbili, jua linazama, mwalimu akaja kwetu mbio amembeba mtoto wake aliyekuwa na degedege. Alisema maneno yakigongana, kipwani chote, hata mimi nilipata nusu tu. Bibi hakumwuliza mara ya pili. Alimtuma jirani afunge maksai kwenye mkokoteni, akampangusa mtoto kwa maji, akapanda naye mpaka zahanati. Mtoto akapona. Kesho yake mwalimu alikuja kushukuru, akamwita bibi kwa jina lake. Jina hilo linaanza na sauti ile ya puani, ng'w, ambayo kwetu mtu huipata kabla ya meno. Mwalimu aliivunja vibaya, likawa jina la mtu mwingine. Bibi akaitikia.

Nilidhani Jumatatu kijiti hakitakuwapo. Kilikuwapo. Wa kwanza kuitwa alikuwa rafiki yangu wa dawati. Wakati wa mapumziko nilikichukua kwenye boksi, nikakitumbukiza chooni, nikasikia kikigota chini. Mwalimu alipokikosa hakuuliza hata nani kakitoa. Alivuka uzio, akakata kingine. Miti ya pamba haikuwahi kuisha Sapiwi. Nilimwambia sitaki tena uangalizi, akasema sawa, akampa mwenzangu mwingine, ambaye alifurahi.

Mwaka uliofuata alihamishwa. Rafiki yangu alimaliza darasa la saba bila kufungua kinywa, akaolewa Lalago. Mimi nikasoma, nikaajiriwa Mwanza. Wanangu walipoanza kwenda kwa bibi likizo, siku ya kwanza walinitazama mimi niwatafsirie. Siku ya tatu walikuwa wanamchekesha jikoni, hawanihitaji. Nilikaa nje peke yangu, nikawasikiliza. Sikuwahi kumwomba radhi kwa ile siku ya mkutano. Kila mara nilijiambia likizo ijayo.

Bibi hayupo tena duniani. Ile nyumba imeanguka upande mmoja, na chumba cha pamba kimeota magugu. Sina hata sauti yake kwenye simu, maana simu zenye kurekodi nilikuwa nazo, nikarekodi harusi za watu. Watoto wa Bariadi siku hizi wanasema kama watangazaji wa runinga, na wengi hawajui kuitikia mwangaluka.

Mara nyingine nikiwa peke yangu jikoni najaribu kusema maneno yake kama alivyoyasema yeye. Sukali. Hatali. Najaribu kwa upendo wote nilionao. Yanatoka kama ya mtu anayemwigiza ili watu wacheke, nami hunyamaza haraka, nikasukutua mdomo.