Alipanda Kipoyi Ili Acheze

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ndogo karibu na machimbo ya Omate, Daktari Mkuu aliniuliza sindano zangu ziko wapi. Nilimjibu kwamba mimi ni msaidizi wa kisaikolojia, kazi yangu ni kuzungumza na wagonjwa. Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Basi ikala pale ku kiti, Mama, uzungumuze," alisema.

Nilizungumza Walikale nzima hadi Kashebere, kisha nikahamishiwa Masisi. Huko ndiko nilikoujua vizuri uchovu wa kansa iliyokwisha kuenea mwilini. Ninyi vijana mnaosomea kazi hii, msiuchanganye na uchovu wa jembe. Wa jembe ukilala unaondoka. Huu unaamka nawe asubuhi. Daktari hutibu kwanza kinachotibika, kama maumivu na upungufu wa damu. Kinachobaki ni chetu: kumsaidia mgonjwa achague mahali pa kutumia nguvu chache alizonazo. Kazi hiyo tuliiita kupanga nguvu.

Mama Zawadi wa kijiji cha Kingi alikuwa na kansa ya titi. Binti yake alikuwa anaolewa katika kanisa la ng'ambo ya kilima, na yeye alitaka jambo moja tu, kumchezea mwanawe akitoka mlangoni. Mawifi zake walikwisha kuamua abaki kitandani. Mimi nikapendekeza kipoyi, ile machela ya miti inayobebwa mabegani. Akageukia ukuta.

"Kipoyi njo ya maiti. Batu ya Kingi batasema nilisha kufa. Nitatembea na miguu yangu ao nitabakia."

Sikubishana naye, wala sikumwambia ajipe moyo; maneno hayo huchosha zaidi. Nilimwomba afunge macho, aitembee ile njia kichwani, aniambie anapochoka. Alifika darajani akafumbua macho.

"Nimeisha," alisema. "Na kanisa haiyaonekana."

"Sasa, Mama, ile nguvu yako unataka uikule mu njia, ao mu ngoma?"

Akacheka, kicheko cha kwanza tangu nimjue.

"Uko mubaya weye! Balete hiyo kipoyi. Lakini baifunike na kitenge yangu ya mupya. Mimi siko maiti."

Daktari alimpima, akakubali. Msimamizi wangu ndiye aliyeogopa. "Akikufia mu njia, utajibu nini?"

"Nitajibu alikuwa anaenda ku harusi ya mutoto wake," nikamwambia, na akaniachia.

Siku ya harusi wanaume wanne walimbeba wakiimba. Yeye alilala njia nzima, makusudi, kama tulivyopanga. Binti alipotokea mlangoni na shela lake, sauti ikatoka kwenye kitenge: "Munishushe!" Akasimama, akarekebisha kilemba, akacheza wimbo mzima bila kushikwa na mtu. Mawifi zake walilia kama watoto. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Sasa nimestaafu, na watu huniuliza kazi hii ilimponya nani. Haikuponya kansa. Mama Zawadi alifariki kabla ya maharagwe kukomaa. Lakini nikipita Kingi, hata leo, lazima mtu anishike mkono.

"Mama, ulikuwa pale siku Mama Zawadi alicheza?"

Nilikuwepo, nawajibu, na ni mimi niliyemwitia kipoyi.