Mfalme Aliyekwenda Tunduru

Nyuma ya jiko la nyumbani kwetu Lizaboni, Songea, kuna kichuguu kikubwa, na juu ya kichuguu hicho mimi na mdogo wangu wa kiume tuliwahi kuwa na ufalme. Usicheke. Ulikuwa na mipaka, sheria na kiti cha enzi, ambacho kilikuwa kinu cha mama kilichopasuka. Jina la ufalme ule sitalitaja hapa, maana lina mwenyewe, lakini nitasema tulilipata wapi.

Mwaka huo mama alikwenda kwa bibi kijijini kujifungua, akarudi mikono mitupu. Mimi nilikuwa na miaka minane, mdogo wangu sita. Hakuna aliyetuambia kitu. Watoto wa siku zile hawakuambiwa mambo, walitumwa maji. Lakini bibi alimsindikiza mama hadi kwetu, akakaa jikoni akiwasimulia wanawake waliokuja kutoa pole, nami nje ya dirisha na ndoo yangu nikasikia yote. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakumaliza hata saa moja. Bibi alipoona hali ni mbaya alimmwagia maji kichwani akambatiza mwenyewe, kama Wakatoliki tunavyoruhusiwa padri akiwa mbali, na akataja jina alilompa. Baada ya siku hiyo sikulisikia tena kinywani mwa mtu mzima.

Iliniudhi mno. Mimi ni mtu wa hasira tangu tumboni, muulize yeyote. Niliona ni uonevu mtoto apewe jina halafu watu wote wajifanye hawalijui. Nikamwambia mdogo wangu kwamba kuna jina zuri limebaki bila mtu, na sisi tuna kichuguu kisicho na jina. Hakubisha. Wakati huo alikuwa bado ananisikiliza.

Basi ufalme ukaanza. Kila anayepanda lazima asimame mbele ya kinu aseme shikamoo. Kodi ilikuwa punje za mahindi ya kuchoma, nazo tulizila wenyewe kwa niaba ya mfalme. Mfalme hakuwepo. Watoto wa jirani walipouliza yuko wapi, tuliwajibu kwamba amekwenda Tunduru. Mtaani kwetu kila mwanamume aliyepotea muda mrefu alikuwa amekwenda Tunduru kutafuta madini, na kwa barabara ya wakati ule, mvua ikinyesha, basi lilikwama hata siku tatu. Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Tulicheza hivyo misimu mitatu ya mvua, tukilitaja lile jina kwa sauti mchana kutwa, hatua chache kutoka mlango wa jiko ambamo mama alikuwa akipika. Ah, tulikuwa na raha, na sijawahi kuwa mtu mkubwa namna ile tena.

Halafu nikakua, nikaolewa huko Mbesa, Tunduru hiyohiyo, nikazaa wangu. Hapo ndipo jambo lile lilipoanza kunikaa kooni. Nilimwona mama akilini mwangu ameinamia sufuria, anasikia jina la mwanawe likipigiwa kelele, nikaona aibu hadi masikio yakawaka. Nilitaka kumwomba radhi. Kila nilipokuja kumsalimia nilishindwa, nikaondoka nalo, na mama sasa anatembea kwa mkongojo.

Mwaka huu mdogo wangu akanipigia simu. Anataka kusawazisha kichuguu ajenge vyumba vya kupangisha, na fundi amesema udongo wake unafaa kwa matofali, ila mama kagoma na hasemi sababu. Akataka nije nimlainishe. Siku hizi ni lami tupu, asubuhi nilikuwa Mbesa na mchana huohuo nipo Songea.

Nilimkuta mama barazani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikachukua hindi la pili kusaidia. Nilizungumzia vyumba weee, naye anapukuchua tu. Mwishowe nikaona haina maana kuzunguka.

“Mama, lile jina tulilokuwa tunapigia kelele pale nyuma, nilijua ni la nani. Nisamehe.”

Hakuinua macho mpaka alipomaliza hindi lake. Akaniambia kwamba majirani wamemwomba udongo wa kichuguu kile miaka yote, wa kukandikia nyumba, na amewanyima wote mpaka wakamwita mchoyo. Yeye hajali.

“Mimi nilishindwa kulitaja hata kanisani,” akasema. “Nyie mlikuwa mnalitaja kila siku. Nilikuwa naacha mlango wazi makusudi nilisikie.”

Nililia, sifichi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba aibu ya kitu alichokuwa akikipenda. Yeye aliniacha nilie, akapukuchua hindi jingine, kisha akanitazama kwa ule uchokozi wake wa zamani ambao nilidhani umekwisha.

“Sasa wewe unatoka Tunduru,” akasema. “Mfalme hujakutana naye?”

Nikamwambia nimemwacha njiani, anakuja taratibu. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mahindi yake.

Jioni mdogo wangu alipiga simu kuuliza tumefikia wapi, fundi anasubiri jibu. Nikamwambia vyumba akajenge upande wa migomba, kichuguu hakiguswi. Akaanza kufoka, kwa sababu gani? Nikamjibu kwamba mwenyewe bado hajarudi. Akaacha kufoka, akalitaja lile jina.